Msichana wa Nyumba ya Naamani: Somo Juu ya Vijana na Kazi ya Huruma

Masomo: 2 Wafalme 5, Matendo ya Mitume 6:1–6.



Katika sharika zetu nyingi vijana hutafutwa panapo kazi ya mikono. Viti vya kubeba, gunia la mahindi la kupelekwa kwa mjane, wimbo wa kumlaki mgeni: hapo kila mtu huuliza, Vijana wako wapi? Lakini panapoamuliwa gunia lile liende kwa nani, na sadaka ile itunzwe na nani, vijana huwa wamekwisha kwenda zao, au hawakuitwa tangu mwanzo. Somo letu la mwezi huu lahusu jambo hilo. Twataka kujua kama kijana katika kazi ya huruma ni mkono tu, au ni kiungo kamili chenye jicho na kinywa pia. Tena yatupasa kuuliza vivyo hivyo juu ya mtu asaidiwaye, maana maswali haya mawili ni ndugu, wala hatuwezi kulijibu moja na kuliacha la pili.

I. Mateka aliyesema neno

Sura ya tano ya Kitabu cha Pili cha Wafalme huhubiriwa mara nyingi kwa ajili ya Naamani na maji ya Yordani. Leo tumtazame mtu mwingine, ambaye hata jina lake hatukuandikiwa. Ni msichana mdogo wa Israeli. Vikosi vya Washami vilivuka mpaka vikamchukua, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Fikirini hali yake: ni mtoto, ni mwanamke, ni mgeni, ni mateka. Kwa hesabu ya dunia hapakuwa na mtu wa chini kuliko yeye nyumbani mle. Naye ndiye aliyejua neno ambalo jemadari, pamoja na farasi zake na cheo chake, hakulijua: ya kuwa Samaria yuko nabii, na ukoma wa bwana wake waweza kuponywa.

Angalieni mambo matatu katika sura hii.

La kwanza: msichana alisema, naye akasikiwa. Bibi yake hakumwamuru anyamaze kwa kuwa ni mtoto na mtumwa. Laiti asingalikuwa na masikio, neno lile lingalifia jikoni, na Naamani angalikufa na ukoma wake.

La pili: neno hilo lilipopita mikononi mwa wakubwa, lilipotoka. Msichana alimtaja nabii. Mfalme wa Shamu akamwandikia mfalme mwenziwe. Zikatengenezwa talanta 10 za fedha, na vipande 6,000 vya dhahabu, na mavazi 10, na barua. Mfalme wa Israeli alipoisoma akararua nguo zake, akidhani anatafutiwa ugomvi. Yaani wafalme wawili, pamoja na mali ile yote, walikaribia kuleta vita juu ya jambo ambalo mtoto alikuwa amelieleza sawasawa kwa maneno machache.

La tatu: mwishoni mwa sura yuko Gehazi. Alimkimbilia Naamani njiani, akatunga habari ya vijana wawili waliofika wakiwa na haja, akaomba fedha na mavazi kwa ajili yao. Vijana hao hawakuwako. Mali iliingia nyumbani mwake mwenyewe. Basi kumbe tangu zamani iko njia ya kuwatumia vijana na wahitaji pasipo kuwasikia: kuomba kwa ajili yao, na wao wenyewe wasijue kilichoombwa wala kilichopatikana.

Neno la mdogo husikiwa, au hupotoshwa, au jina lake hutumiwa tu. Tuyashike mambo haya matatu, tuone jinsi yalivyo katika habari za makanisa yetu.

II. Ushirika uliozaliwa katika dhiki

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Ulaya ilikuwa imejaa watu wasio na kwao. Hesabu ya siku zile yasema kwamba katika kila Walutheri sita, mmoja alikuwa mkimbizi au mtu aliyeondolewa kwake kwa nguvu. Katika hali hiyo wajumbe wa makanisa walikutana Lund, nchi ya Uswidi, mwezi wa Julai 1947, wakaunda Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wajerumani na Wamarekani, ambao mataifa yao yalikuwa yakipigana miaka miwili tu nyuma, waliketi katika mkutano mmoja. Walipatana juu ya mambo manne: kuwaokoa walio katika dhiki, kufanya kazi ya misioni pamoja, kujifunza theolojia pamoja, na kutafuta umoja na makanisa mengine. Angalieni kwamba huruma haikuongezwa baadaye kama pambo. Ilikuwamo katika msingi.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kuonja jambo hilo. Vita ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani wa Tanganyika walizuiliwa na serikali ya Waingereza, na misioni zao zikaitwa yatima. Walutheri wa Sinodi ya Augustana ya Marekani na wa Misioni ya Kanisa la Uswidi walileta watu na fedha; ndivyo Bengt Sundkler alivyofika Bukoba mwaka 1942. Lakini wageni hao walikuwa wachache mno kwa nchi iliyo kubwa namna ile. Walimu na wazee wenyeji ndio waliofundisha, waliozika, waliobatiza, na kuyashika mambo ya sharika. Kanisa lililohesabiwa kuwa mtoto likaonekana kuwa lina mabega.

Je, mtoto huyo mwenye mabega alipewa na neno? Alipewa, lakini polepole. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Tanganyika. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano ulifanyika Dar es Salaam, nao ukamchagua Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba, kuwa rais wa Fungamano lote, Mwafrika wa kwanza kuwekwa mahali hapo. Tangu Lund ilikuwa imepita miaka 30. Mtu asemaye kwamba vijana wangoje kwanza na aikumbuke miaka hiyo 30, maana sisi sote tulikuwa wale walioambiwa wangoje.

III. Jembe la mgeni

Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulisema neno hili kwa kumfukuza mgeni, lakini lina maana njema pia. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Ana shamba, ana kazi, ana neno la kusema juu ya mavuno.

Mwaka 1964 Fungamano, pamoja na Serikali yetu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walianzisha shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi, ambalo watu wengi hulijua kwa herufi zake TCRS. Siku zile walikuwa wakiingia Wanyarwanda kutoka magharibi na watu wa Msumbiji kutoka kusini. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 wakaja Warundi kwa maelfu mengi. Hawakuwekwa chini ya mahema tu. Walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakapewa majembe, mbegu, na chakula cha kungojea mavuno. Visima vikachimbwa, shule na zahanati zikajengwa. Wengi wao waliofika wakiwa watoto mgongoni wakakua wakawa wakulima wenye kulisha na wengine. Miaka 40 hivi baadaye zaidi ya watu 162,000 wa jamaa hiyo walipewa uraia wa Tanzania.

Hii ndiyo huruma imjuayo mtu mzima ndani ya mtoto, na mwenyeji ndani ya mgeni.

IV. Waliosikiwa Benaco

Lakini kazi ya huruma yaweza kumsikia mtu asiyestahili kusikiwa peke yake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Maji, chakula, dawa, kuni, vyote vilihitajiwa mara moja, na wenye kusaidia walifanya kazi mchana na usiku.

Ndipo likatokea jambo zito. Umati ulikuwa mkubwa mno, wala hapakuwa na nafasi ya kuhesabu kila kaya. Kwa hiyo mashirika yalianza kugawa chakula kwa mikono ya viongozi waliokuja na watu wao, yaani wakuu wa wilaya ndogo za Rwanda. Ilionekana kuwa njia ya busara, maana watu wanawajua wakuu wao. Lakini baadhi ya wakuu hao walikuwa na damu mikononi: walikuwa wameongoza mauaji ya Watutsi katika majuma yaliyotangulia. Sasa wakaupata ukuu wao upya kwa njia ya mahindi na maharagwe. Walitaja watu wengi kuliko waliokuwapo, wakashika ziada, na waliowapinga waliogopa. Mjane na mtoto yatima walikuwa wamesimama nyuma ya umati, na neno lao halikufika kwenye daftari. Ilibidi utaratibu ubadilishwe, ili chakula kiende karibu zaidi na kila kaya.

Hatusemi haya ili kuwahukumu waliotoka jasho huko Ngara. Twasema ili tujifunze ya kwamba kutoa peke yake hakutoshi. Mkono uliojaa, ukiongozwa na sikio linalowasikia wakubwa tu, waweza kumnenepesha Gehazi. Katika mwaka huohuo wa 1994 mashirika makubwa ya huruma, yakiwamo ya Msalaba Mwekundu na Fungamano letu, yalipatana juu ya kanuni 10 za kazi hiyo. Miongoni mwake ni hizi: msaada hutolewa kwa kadiri ya haja, pasipo kuuliza kabila wala dini, msaada hautumiwi kuwa chambo cha kuwavuta watu waingie dini, wanaosaidiwa washirikishwe katika kuuendesha msaada wenyewe, na watenda kazi watoe hesabu kwa pande zote mbili, yaani kwa waliotoa na kwa waliopokea.

Na hao wanaosaidiwa ni nani? Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za miaka hii, katika kila watu 100 walioondolewa makwao kwa nguvu, wapatao 40 ni watoto wasiotimiza miaka 18. Basi, anayesema atawasikia wakimbizi bila kuwasikia wadogo ameziba sikio moja.

Tazameni kambi ya Kakuma, nchi kavu ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya. Ilianzishwa mwaka 1992, na kati ya watu wake wa kwanza walikuwamo maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu mamia ya maili, wengi wao bila baba wala mama. Fungamano limefanya kazi huko tangu mwaka huo, hasa katika shule na ulinzi wa watoto. Katika shule za kambi hiyo walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, na wengi wao ni vijana. Hao hufundisha wakijua kwa nini mtoto fulani hulala darasani, na kwa nini msichana fulani ameacha kuja. Wahenga walisema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi hupanga bomba la maji mahali panapofaa kwa ramani. Msichana achotaye maji ndiye ajuaye njia ipi ina hatari jua likitua. Asipoulizwa, bomba litakuwa zuri na njia itabaki mbaya.

V. Mkutano wa Budapest

Sasa turudi kwa vijana wa makanisa yenyewe. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa saba wa Fungamano ulifanyika Budapest, nchi ya Hungaria. Ndio uliomaliza muda wa urais wa Askofu Kibira. Mkutano huo uliamua kwamba katika mikutano na halmashauri za Fungamano wanawake wawe angalau 40 katika kila 100, na vijana wasiozidi miaka 30 wawe angalau 20 katika kila 100. Si wachache wa kuimba wakati wa kufungua kikao. Ni wajumbe wenye haki ya kusema na kupiga kura. Tangu hapo, mikutano mikuu inapokaribia, vijana hukutana kwanza wao kwa wao, wapatane juu ya maneno watakayoyaleta mbele ya wote. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya mkutano wa Kraków, nchi ya Poland, mwaka 2023, ambao kichwa chake kilikuwa juu ya mwili mmoja, Roho mmoja na tumaini moja. Tena Fungamano limewatuma vijana kuwa wajumbe wake katika mikutano ya Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa. Si ajabu, maana ukame na mafuriko ya miaka ijayo yatawakuta wao wakiwa hai, na wengi wetu tukiwa kaburini.

Wako wasemao: Roho wa Mungu hahesabu ishirini katika mia. Tuwajibu kwa Matendo 6. Wajane wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie mpaka mazoea yatakapobadilika yenyewe. Waliwaagiza wanafunzi wachague watu saba. Soma majina ya hao saba: yote ni ya Kiyunani. Yaani meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule ulionung'unika. Lakini angalia pia ya kwamba mitume walitaka watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Basi, hesabu haiweki Roho mahali pasipo Roho, wala haiondoi haja ya tabia njema. Kazi yake ni kuufungua mlango ambao mazoea yalikuwa yameufunga.

Wengine husema: Vijana hawajui kutunza fedha za watu. Paulo alipopeleka sadaka ya watu wa Yerusalemu hakuibeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:18–21 twaona jinsi alivyowatuma ndugu wengine pamoja nayo, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, ni mzee gani wa kanisa asiyewahitaji? Na ashike kijana daftari pamoja na mzee, na mzee pamoja na kijana. Hivyo mmoja atajifunza na mwingine atalindwa. Mtu hajifunzi kutunza fedha kwa kusimama nje ya mlango uliofungwa.

VI. Neno kwa vijana wenyewe

Nanyi vijana, msiipende nusu ya kwanza ya somo hili na kuiacha nusu ya pili. Msichana wa Naamani alisema, lakini alikuwa pia akitumika. Atakaye kiti katika baraza na asikie wito wa jembe pia. Ahudhurie siku ya mvua kama siku ya jua. Asome hesabu mpaka aielewe, hata ikimchosha. Atunze siri za nyumba maskini alizoziingia.

Juu ya neno hili la mwisho twapenda kukaa kidogo, maana siku hizi kila mmoja wenu ana simu yenye kupiga picha. Mama mgonjwa aliyelala mkekani, au mtoto aliye uchi mbele ya kibanda kilichobomolewa na maji, picha yake yaweza kuonwa na watu elfu kabla ya jua kutua. Pengine sadaka itaongezeka. Lakini je, yule mama aliulizwa? Akiomba msaada kwa kinywa chake, hilo ni neno lake. Tukiionyesha aibu yake bila ruhusa yake, hata kama fedha yote imemfikia, tumeingia katika njia ya Gehazi: tumeomba kwa jina la mtu asiyejua. Ulizeni kwanza, na asemaye hapana aheshimiwe, wala asipunguziwe unga.

Tena msidhani mkimbizi hukaa mbali tu, Kakuma au Nyarugusu. Katika mtaa wenu yuko mtu aliyekimbia ukame na kuja kuchunga ng'ombe wa wengine. Yuko msichana wa kazi za nyumbani aliyetolewa kwao akiwa mdogo, asiyejulikana jina lake hata na majirani. Huyo ndiye anayefanana sana na msichana wa Israeli. Jumapili yuko wapi? Nani ameketi naye, akamsikiliza?

VII. Neno kwa mabaraza ya wazee

Nanyi wazee wetu, hatuwaombi muwape vijana nyumba yote. Twawaomba mambo manne yanayowezekana mwaka huu.

Kwanza, katika kila kamati ya huruma wawekwe vijana wawili angalau, mvulana na msichana. Wawe wawili, maana mmoja peke yake kati ya wazee kumi huona haya na kunyamaza, kisha wazee husema, Tulimwita, hana neno.

Pili, wanaopelekewa msaada waulizwe kabla ya kununua. Pengine mjane ana mahindi ya kutosha, na haja yake ni dari isiyovuja, au mtu wa kumsindikiza hospitali.

Tatu, hesabu ya sadaka ya huruma isomwe mbele ya usharika wote, nao waliopokea wawepo, wasikie kilichotolewa kwa jina lao. Hapo Gehazi hana mahali pa kujificha.

Nne, watoto wa kipaimara wafundishwe habari za ushirika wetu wa ulimwengu: Lund, Ulyankulu, Benaco, Budapest. Mtoto asiyejua kwamba kanisa lake lilipata kuwa yatima, likalishwa na ndugu wasiolijua, atadhani sadaka ya wakimbizi ni kodi tu.

Ndugu zangu, iko hatari ya kweli katika jambo hili. Usharika unaotaka mikono ya vijana na kuyakataa maneno yao hautaipata mikono hiyo muda mrefu. Kijana huenda mahali anaposikiwa. Na si kila mahali panaposikiliza vijana pana nia njema kwao. Wako wawasikilizao ili kuwapa panga, au ili kuwauza. Benaco palikuwa na vijana wengi walioitwa na wakubwa wao mapema kuliko walivyoitwa na kanisa. Tusingoje mwingine awaite wa kwetu.

Msichana wa Israeli alisema maneno machache tu, kisha hatumsomi tena katika sura nzima. Naamani alirudi na ngozi safi. Yeye hatukuambiwa kama alirudi kwao. Na tulikumbuke hilo kila tuonapo kazi ya huruma imefanikiwa: wako wadogo ambao neno lao lilituponya, nasi bado hatujawauliza haja yao wenyewe ni nini.

Maswali ya kujadiliana katika makundi

1. Katika 2 Wafalme 5, ni nani waliosema neno la kweli, na ni nani waliolipotosha? Waliosema kweli walikuwa na vyeo gani? Tazameni pia mstari wa 13.
2. Kwa nini wanafunzi waliwachagua watu saba wenye majina ya Kiyunani? Katika usharika wetu, ni akina nani wanaosahauliwa katika ugawaji?
3. Kosa lililoonekana katika kugawa chakula Benaco laweza kutokea kwetu kwa namna gani, hata katika mambo madogo?
4. Vijana wangapi wamo katika baraza letu? Wamepewa kusema mara ngapi mwaka huu?
5. Ni mambo gani yatupasa kuyafanya kabla ya kumpiga picha mtu anayesaidiwa?
6. Tajeni mgeni mmoja katika mtaa wenu ambaye hakuna aliyepata kumwuliza habari zake. Nani atakwenda kwake juma hili?

Ombi

Bwana Mungu, wewe uliyemtia mtoto mateka neno la uzima kinywani, utupe masikio ya kuwasikia wadogo na wageni. Utuepushe na kuomba kwa jina la mtu tusiyemjali. Uwape vijana wetu jembe na neno pamoja, na wazee wetu moyo wa kuwakabidhi. Uwakumbuke wote walio mbali na makwao usiku huu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.